Nadine Hakupewa Kipaimara

Kijiwe cha kahawa kipo ng'ambo ya kanisa, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Jumapili hiyo misa ikiendelea, Niyonkuru alifika na suti yake ya arusi, mgongo umelowa jasho. Alikuwa amemrudisha nyumbani mgongoni bintiye Nadine, msichana wa miaka kumi na tisa, asiyetembea na mwenye ulimi mzito. Miaka miwili Nadine alisoma mafundisho ya kipaimara. Leo mlangoni katekista akasema jina lake limekatwa: askofu ana haraka, na kuna watu wa picha.

— Kaa, mzee, — alisema Bazilio, waliyemwita Padri kwa sababu utotoni alihudumu altareni. — Mficha uchi hazai.

— Hiyo inaingiaje hapa? — aliuliza Nestori, Profesa wa kijiwe.

— Inaingia! Angemficha tangu mwanzo, asingeaibika.

— Sikuaibika, — alisema Niyonkuru.

Profesa akapuliza kahawa.

— Katekista mnamwonea bure. Roho Mtakatifu humshukia aliyesimama wima. Ukikaa, anapita juu.

— Wee! Na vikongwe je? — alidakia Padri.

— Hao walishapata zamani. Mzee, huo ni mzigo wa ukoo. Mpeleke maombi ya kufunga kule Buhigwe.

— Nilimpeleka. Mara nne. Alirudi na njaa tu.

Wakacheka, kisha wakaona haya.

— Mtu kaumbwa kwa mfano wa Mungu, — alisema Niyonkuru. — Nadine anaijua hiyo kwa moyo.

— Sawa, — alisema Padri. — Ila tuambizane ukweli. Huyo Mungu, Imana wenu, anatambaa?

Kilichomuuma Niyonkuru ni kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwaza hivyo hivyo, akimwogesha Nadine.

Gentille, mama Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alikuwa ametua beseni lake la sabuni akisikiliza.

— Pole, papa. Na mutoto yeye alisema nini?

— Lini?

— Pale mulangoni. Ao njia yote ukimubeba.

Padri akamtazama Profesa. Wote wakamtazama Niyonkuru. Kilomita mbili kidevu cha binti kilikuwa begani mwake, pumzi yake shingoni. Alimlaza kitandani, akarudishia mlango, akaja kunywa kahawa.

— Hakusema.

— Hakusema, ao hukumuuliza?

Niyonkuru hakuwa amemuuliza. Mama yule akajitwika beseni akaenda zake.