Bisi, Fundi Aliyeujaza Ukuta Hadi Juu

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, familia imemteua shemeji yake, yaani mdogo wa mke wake, awasomee maisha ya mtu huyu ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bisi tu, na kwa kuwa marehemu hakupenda maneno mengi, na shemeji yake anayapenda, mtuvumilie kidogo, tutakwenda hatua kwa hatua tangu alipozaliwa hadi alipotutoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1949, akiwa mtoto wa pili wa mwoka mikate, katika chumba kilichopakana na tanuri, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakuwahi kuhitaji blanketi, kwani kitanda chake kiliegemezwa kwenye ukuta wa tanuri, na ukuta ule ulikuwa wa moto kiasi kwamba nepi zilikauka kwa kuutegemea tu. Joto hilo lililombembeleza mtoto ndilo lililomtia hasara baba, kwa sababu nusu ya kuni ilioka mikate na nusu ikapasha chumba bure, na tangu akiwa mdogo marehemu alikuwa akiuliza, mpaka wakubwa wakachoka naye, kwa nini moto haukai pale ulipowekwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1957 akamaliza Novemba 1964, na ukweli usemwe, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, alikuwa wa katikati, wa kukaa karibu na dirisha. Mwaka 1966 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea uashi na matengenezo ya matanuri, akahitimu Desemba 1968, na baada ya kuhangaika huku na kule kwa vibarua, tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha nyuma ya reli, ambako alifanya kazi moja, katika jengo moja, kwa miaka arobaini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaanga mawe, na msicheke, maana ndivyo alivyojibu siku ya kwanza alipoulizwa na wazazi wa binti aliyetaka kumwoa kwamba anafanya kazi gani, na baba mkwe akadhani anafanyiwa mzaha. Mawe hayo huletwa yakiwa vipande vyembamba vinavyong'aa kama magamba ya samaki, tabaka juu ya tabaka, na katikati ya tabaka kuna unyevu kidogo usioonekana kwa macho, kwa hiyo vikiangushwa ndani ya tanuri lenye moto mkali, unyevu ule hugeuka mvuke ghafla, tabaka hutengana, na kipande kilichokuwa kama punje hurefuka na kuvimba mara kumi na zaidi, kikatoka upande wa pili kikiwa na rangi ya dhahabu, chepesi, kimejaa hewa. Jina lake la vitabuni ni vermikulaiti, lakini kiwandani waliziita bisi za mawe, na kwa kuwa marehemu alirudi nyumbani kila siku akiwa na punje zake nyweleni na kwenye mikunjo ya suruali, jina likamganda, hata mke wake akalizoea.

Basi siku ile ukweni, alipoona hasadikiwi, aliomba kikaango, akamimina humo bisi alizokuja nazo mfukoni, unene wa vidole vinne, akaweka kipande cha siagi juu yake, akabandika kikaango kwenye jiko la mkaa lililokuwa limekolea, watu wote wakainama kutazama, na siagi ikakaa pale imara kama iko kabatini, mpaka baba mkwe akagusa upande wa kikaango kuhakikisha, akaungua vidole. Shemeji yake, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwenye dharau nyingi, alimwambia dada yake waziwazi kwamba mwanamume anayekuja kuposa na mawe mfukoni amwache aende zake, na dada akamjibu, "Wewe nyamaza, huyu angalau anajua kutunza kitu."

Na kweli alijua. Marehemu alieleza mambo ya bisi kwa upole, kama anayemsifia mtu wa nyumbani, kwamba haziungui, hazinuki, haziozi, panya hawazitaki, na hewa iliyonaswa ndani yake haina pa kwenda, kwa hiyo joto na kelele vikifika hapo huchoka njiani. Alizizungushia mabomba ya mvuke ya hospitali, akazijaza ndani ya milango ya chuma ya stoo za mafuta, akazichanganya na saruji kupiga lipu nyepesi kwenye dari za madarasa ambayo bati liliwapika watoto, akawafungia wenye maabara chupa zao za tindikali zisipasuke njiani, na mwaka 1972 alilijenga upya tanuri la baba yake, likatumia nusu ya kuni za zamani. Baba alimshukuru mbele za watu, lakini mama yake alinung'unika kwamba chumba kimepoa, akataka arudishiwe joto lake, na marehemu alilisimulia jambo hilo kama kichekesho kwa miaka mingi, mpaka siku moja akaacha kulisimulia.

Udhaifu wa bisi aliutaja pia, maana hakuwa mtu wa kuuza maneno. Zikilowa haziwezi kazi, na zikikaa ukutani miaka mingi hushuka, hujipanga na kusongamana chini, juu pakabaki pengo, kwa hiyo aliwafundisha vijana wake kwamba fundi mwenye haya hurudi, hugonga ukuta kwa nyundo ya mbao, hujazia hadi juu, na asiyerudi ajue kazi ameiacha nusu. Wengi wa vijana hao wako hapa leo, wana mvi, na wanajua alivyokuwa mkali juu ya jambo hilo na juu ya kuvaa barakoa ya vumbi.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 17 Julai 1976 na dada yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1978, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 21 Juni 1983, ambaye ni fundi umeme. Nyumba yao mnaijua, ile ya kona yenye mlango wa bluu, chumba cha kulala upande huu na chumba cha cherehani upande ule, vikitenganishwa na ukuta mwembamba wa tofali moja, na hapo ndipo kwenye kiini cha maisha ya mtu huyu.

Miaka ile alikuwa zamu ya usiku, analala mchana, na mke wake alikuwa na cherehani ya kukanyaga ambayo sauti yake ilipita ukutani kama hakuna ukuta. Marehemu hakuwahi kulalamika, lakini dada yetu kila alipomsikia anageuka kitandani aliinua mguu akaacha kukanyaga, akashona kwa mkono, kazi zikachelewa, wateja wakaanza kununa, na marehemu naye alikuwa analala macho kwa sababu alijua mwenzake amekaa upande wa pili ameinua mguu. Mwaka 1979 alichukua likizo, akajenga ukuta wa pili shubiri moja kutoka ule wa kwanza, akajaza bisi katikati mpaka darini, akaacha kidirisha kidogo cha mbao juu kwa ajili ya kujazia, kisha akalala, akamwambia mke wake akanyage kwa nguvu zote, naye akakanyaga, akacheka, akagonga ukuta, akamwita kwa majina ambayo hayasomeki mbele ya hadhara hii, na marehemu hakusikia hata moja. Ilikuwa zawadi, na dada yetu aliipokea hivyo, na kwa miaka zaidi ya thelathini alishona, aliongea na wateja na kucheka kile kicheko chake bila kumwonea mtu huruma, na mume wake akalala.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2010. Hakuwa tena na zamu wala sababu ya kulala mchana, lakini mwili ulishazoea, na alasiri moja mwezi wa Machi 2013, akiwa amejinyoosha, alisikia kwa mbali, juu kabisa karibu na dari, sauti ya cherehani. Mtu mwingine angetulia akasikiliza. Yeye aliona aibu, akaona ukuta wake mwenyewe umeshuka na yeye hajarudi kuujazia, akaenda kiwandani kuomba magunia, akapanda ngazi, akagonga, akamimina, na dada yetu akiwa ameshika ngazi chini alimwuliza, "Sasa wewe umestaafu, unamzibia nani?" Marehemu akasema kazi ni kazi, akajaza hadi juu, akafunga kidirisha.

Dada yetu alifariki tarehe 11 Julai mwaka huohuo, ghafla, kwa kiharusi, sokoni alikokwenda kununua uzi.

Ndugu waombolezaji, familia ingependa kusema kwamba marehemu alivumilia, lakini tukisema hivyo tutakuwa tunadanganya mbele ya jeneza. Alimkumbuka mke wake kwa namna ya kuumiza. Kila alasiri alilala na sikio limeegemea ukuta ule, akijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba hakuna kitakachopita, na kwamba hata kama kingeweza kupita, hakuna aliyekaa upande wa pili. Alimwambia shemeji yake kwamba wamewahi kumlalamikia watu wa maboila, watu wa dari na watu wa milango, lakini hajawahi kulalamikiwa kwamba kazi imekuwa nzuri kupita kiasi, kisha akajaribu kucheka, ikashindikana. Miaka yote ile sauti ya mke wake ilikuwa hatua tatu kutoka kwenye mto wake, naye akalala bila kuisikia.

Alianza kuugua moyo Agosti 2019, miguu ikivimba, pumzi ikikata, na Januari 2020 binti yake aliomba uhamisho akarudi nyumbani kumtunza. Binti huyu ndiye aliyefungua chumba cha cherehani, akapangusa vumbi, akanunua mkanda mpya, na ingawa hesabu anazijua, kushona hakujui, alianza na mapazia ambayo mjomba wake ameyaona na hatasema zaidi. Jioni alipompelekea baba yake dawa, marehemu alimwuliza ameshona nini leo, na alipoambiwa, alitazama ukuta, na binti akaelewa kwamba baba anauliza kwa sababu hakusikia.

Siku chache baadaye marehemu aliwaita mwanawe na shemeji yake, akawaambia watoboe ukuta chini, karibu na sakafu, waweke mdomo wa gunia, na wasiogope, zitatoka zenyewe. Zikatoka zikitiririka kama nafaka ghalani, kavu, za dhahabu, bila harufu, bila tundu la panya, kama zimetoka tanurini asubuhi ile, na marehemu alikaa kwenye kiti akichota kwa mkono na kuziachia, machozi yakimtoka, akisema ni nzuri, ni nzuri mno, hazikuharibika hata kidogo. Hakutaka zirudishwe kwenye ukuta wowote, akazigawa kwa jirani yetu mtunza bustani, kwa sababu zikichanganywa na udongo hushika maji ya miche, na huko tunaambiwa zinafanya kazi vizuri.

Ukuta ulipobaki mtupu tulitoboa ule wa upande wa kitanda chake pia, tundu la ukubwa wa sahani, usawa wa mto wake, kisha akasema, "Mwambieni akanyage." Binti akakanyaga. Marehemu alisikiliza, akafumba macho, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba anakimbiza, mama yake hakukimbiza, mama yake alipofika kwenye kona ya kitambaa alisimama, akageuza kitambaa, akapumua, ndipo akaendelea, na tulishangaa amejuaje, maana ndoa nzima alilala upande wa pili wa bisi, mpaka akatueleza kwamba ile miaka mitatu ya mwanzo, kabla ya ukuta, alijifanya amelala. Binti akajifunza kusimama kwenye kona. Tangu hapo mzee alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu afiwe, kwa sharti moja, kwamba binti asiache kukanyaga ghafla, kwa sababu kimya ndicho kilichokuwa kinamwamsha.

Tarehe 6 Septemba 2022, alasiri, binti yake alikuwa akishona pindo la shuka jeupe, na kupitia tundu lile alimsikia baba yake akipumua kwa shida, kisha kwa utulivu, akaona amepata usingizi, akaendelea. Alizunguka kona zote nne, akasimama katika kila kona kama alivyofundishwa, akamaliza, akakata uzi, akainua mguu, akasubiri aitwe, na marehemu hakuamka. Shuka hilo ndilo lililomfunika leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, na daktari aliyekuja nyumbani akakubali kumpima huku cherehani inalia, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani, hasa vijana wake, majirani waliovumilia vumbi la kutoboa na hawakuuliza tulikuwa tunabomoa nini, wateja wa zamani wa dada yetu waliomletea binti vitambaa ilhali wanajua fika atawaharibia, na nyote mliokuja kwa miguu na kwa magari. Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na ukuta mmoja ambao watoto wamekubaliana usijazwe tena.

Pumzika kwa amani, Bisi, na ukimkuta dada yetu, mpe lile jibu alilolingoja akiwa ameshika ngazi.