Mama Majani na Maji Yasiyo na Jani

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Ubishi alizaliwa nao. Ukimwambia sufuria ni safi, ananusa kwanza.

Alihitimu shahada ya sayansi ya mimea mwaka 1985, akaajiriwa kwenye maabara ya utafiti wa mihogo. Kazi yake ilikuwa kutoa vinasaba kwenye majani, ili vipimo vionyeshe mche upi unastahimili ugonjwa na wakulima wagawiwe huo. Wenzake wakambandika jina la Mama Majani. Mwaka 1988 aliolewa na mwalimu wa hesabu, mwanamume mpole aliyezoea mke anayenuka dawa.

Mwaka 2009, akiwa mkuu wa kitengo, alipewa kazi ya kulinganisha njia mbili: ya zamani, ya kusaga majani kwenye kinu cha kauri, na mpya, ya mirija inayotumika mara moja na kutupwa. Kila safari alipima pia maji matupu, yasiyo na jani, ambayo hayakupaswa kuonyesha chochote. Kwa njia ya zamani, maji yale yalionyesha mstari, alama ya vinasaba vya mhogo. Kinu kilioshwa, lakini mabaki ya jana yaling'ang'ania, na mche dhaifu ungeweza kusomeka kuwa imara. Jamani! Njia hiyo ndiyo aliyoitegemea miaka yote, na miche ilishapandwa.

"Yaliyopita si ndwele," mkuu wake alimwambia. "Andika kwamba mpya ni bora, yaishe."

"Na waliokwisha panda?"

Marehemu aliandika yote, akavuliwa ukuu wa kitengo. Akaanza kupima upya miche ya zamani, shamba kwa shamba. Mingi ilikuwa sawa, lakini moyo haukutulia. Katikati ya chakula alikuwa akiweka kijiko chini na kumuuliza mumewe, "Hivi kuna mtu alilala njaa kwa sababu yangu?" Mwalimu wa watu alimrudishia kijiko mkononi.

Mwaka 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Machi mwaka uliofuata, mwenzake wa maabara alimletea wodini picha ya vipimo vya shamba la mwisho.

"Dada, miche yote ni mizima. Na maji hayana kitu."

Aliikazia macho sehemu ile tupu.

"Mstari upo," alisema.

Haukuwepo. Alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 3 Machi 2023.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake. Mumewe ameomba maneno yake yasomwe kama yalivyo: "Mama watoto, picha ninayo. Naitazama kutwa. Hakuna mstari, mke wangu. Pumzika."