Mkia wa Jogoo kwa Baba Mkwe

Mwaka wa sabini na moja benchi letu lilikuwa nje ya duka la Machogu, pale barabara ya Suneka inapoingia Kisii mjini. Kahawa tunailima wenyewe huko milimani, lakini kuinywa tulijifunza mjini, kwa birika la Machogu. Hata Nyamongo, Msabato asiyegusa kahawa wala chai, alikuja kila jioni kunywa maji ya moto, ndiyo maana tukamwita Maji Moto. Ombati tulimwita Kamusi, kwa sababu hakuna neno la Kizungu aliloshindwa kulieleza, awe analijua au halijui. Na Cleophas, karani wa mahakama, alikuwa Daktari wa Chupa. Aliwahi kuhudumu katika klabu ya Wazungu kule Kericho, na tangu hapo kila Jumamosi jioni alijifungia jikoni na jini, brandi, nanasi na tangawizi, akitikisa michanganyiko yake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nampenda sana mtu huyu, ingawa vinywaji vyake vingine vilistahili kufunguliwa kesi. Jumatano hiyo alikuja na uso wa msiba.

— Bathsheba ameenda, akasema, akimtaja mkewe. Baba yake, Mzee Manasseh, alimchukua Jumapili, wakarudi Nyamira.

— Ulimpiga? Maji Moto akauliza.

— Nimpige kwa nini? Mzee Manasseh alikuja kututembelea, nikamtengenezea kokteli ya heshima, bila pombe hata tone. Ni mzee wa kanisa, mimi si mjinga. Sasa hiyo kokteli nitaiita nini kwa Kiswahili? Nikamwambia, "Tata, leo nimekuandalia mkia wa jogoo."

Kwa asiyejua desturi zetu: tata ni baba, na mzee wa Kigusii akichinjiwa kuku, firigisi ni yake. Kumtangazia mkia ni kumwambia kwamba yeye ni mtoto, tena mbele ya binti yake.

— Akasema nini?

— Akavaa kofia.

Kamusi alicheka mpaka akajimwagia kahawa.

— Lakini ulitafsiri sawa, akasema. Kok ni jogoo, teli ni mkia. Wazungu wa zamani walikuwa wanakoroga hiyo kitu na manyoya.

— Nani alikuambia?

— Inajulikana. Sasa dawa ni moja. Tengeneza ingine, uiite firigisi.

— Na ndani aweke nini?

— Firigisi yenyewe. Itwangwe kwa kinu, ichanganywe na nanasi. Mzee akimeza, heshima imeingia tumboni. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali inaingia wapi?

— Kwa glasi.

Maji Moto akatikisa kichwa.

— Shida ni hiyo kopo. Imeonja jini kila Jumamosi, haiwezi kutakaswa. Izikwe. Halafu pasta aombee jikoni, na sisi watu wa kwaya tuimbe mpaka harufu itoke. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mzee Manasseh ana miaka sabini, nikasema. Ukimkunja atavunjika.

— Basi apelekewe jogoo mzima, Kamusi akasema. Tumnyweshe jini kidogo, atembee mwenyewe mpaka kwa mzee, apige magoti. Mzee akiona jogoo ameinama, pamoja na mkia wake wote, hasira itabaki wapi?

Cleophas akacheka, kisha akajifuta machozi, na sikuona kama ni ya kicheko.

— Nyumba imekuwa kubwa, akasema. Narudi jioni, hakuna mtu wa kuniuliza nimechelewa wapi. Nataka bibi yangu arudi, basi.

Kando yetu alisimama mama mmoja akingoja Machogu ampimie sukari. Baadaye tulijua anaitwa Mong'ina, mgeni aliyehamia Kiogoro.

— Samahani, wazee, akasema. Huyo bibi yako wakati wa kuondoka, alitembea mbele ya baba yake, ama nyuma?

Cleophas akafikiri.

— Mbele.

— Na mzigo alifunga saa hiyo?

— Hapana. Ulikuwa mlangoni tayari.

Mama akapokea sukari yake.

— Na yeye, hizo Jumamosi zote, ulikuwa unamtengenezea kinywaji gani?

— Bathsheba hanywi pombe.

— Hata baba yake hanywi, na ulimtengenezea. Kwani bibi yako anapenda nini?

Cleophas akatugeukia sisi. Kamusi, ambaye hajawahi kumwacha rafiki kwenye shida, akaingilia kati.

— Wanawake ni rahisi, mama. Wangu, kwa mfano, anapenda...

Akatazama ndani ya kikombe chake, na hakuna aliyemsaidia. Mimi pia nilikuwa nikimfikiria wangu, na sikupata kitu.

Cleophas akaweka kahawa yake chini, akaanza kuelekea stendi ya magari ya Nyamira.

— Unampelekea nini? Maji Moto akamwita.

— Sijui, akajibu bila kugeuka. Ndiyo naenda kumuuliza.