Mgeni wa Kila Jumapili

Nawasalimu kwa jina la yule aliyeningoja mpaka nikazeeka. Mtanivumilia. Shule niliacha darasa la tatu, ng'ombe walinihitaji kuliko mwalimu, kwa hivyo maneno yangu hayatembei kwa mstari.

Asubuhi hii mchungaji aliposema wageni wasimame, niliona vichwa vikigeuka. Mlitaka kujua kama mzee atasimama. Sikusimama. Lakini mlikuwa na haki ya kuangalia, kwa sababu miaka kumi na nne hivi, sikuhesabu vizuri, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mgeni.

Mnajua mgeni anavyokaribishwa makanisa ya huku. Unasimama, unasema umetoka Kimulot, unaimbiwa, unapigiwa makofi. Ibada ikiisha unapelekwa chumba cha wazee, chai ya maziwa, mkate, siku zingine wali na kuku. Hakuna mtu anamwambia mgeni aoshe sufuria. Hakuna mtu anamuuliza kwa nini hakuonekana kwa maombi ya Jumatano. Jumapili hii niko Kericho, ile nyingine niko Londiani kwa dada yangu aliyeolewa huko, na viazi vya Londiani, ndugu zangu, nawaambia, mtu anaweza kuokoka mara mbili kwa sababu ya viazi. Lakini nisipotee.

Haikuwa chakula peke yake, hapo nitakuwa mwongo. Nilikuwa na hamu kweli ya kujua mambo ya Mungu. Yule nyoka wa bustanini aliongea lugha gani? Maji ya gharika yalienda wapi? Na yule mwizi aliyesulubiwa kando ya Yesu akaahidiwa paradiso, alibatizwa lini, na nani? Nilikuwa nawashika wachungaji mlangoni nawauliza. Mmoja alinijibu saa nzima. Mwingine aliniambia anaenda kutoa gari kwa jua, na siku hiyo jua halikuwako. Nikarudi nyumbani nimefurahi, ati nimemshinda.

Mke wangu yeye ni mshiriki wa hapa tangu tukiwa vijana. Tulikuwa tunatoka nyumbani pamoja, tukifika kwa lango hili yeye anaingia, mimi naendelea mbele kumtafuta Mungu kwa watu wengine. Hakuwahi kunigombeza. Huo ukimya wake nilidhani ni kukubali.

Siku moja mvua ilikata barabara, nikaingia hapa pamoja naye. Nikasimama na wageni, mkaniimbia. Ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Mzee wa kanisa akapita na sinia ya vikombe vidogo, safu kwa safu, na mimi kutoka benchi la wageni namwangalia mama yangu wa nyumba. Sinia ikafika kwake. Akaweka mikono chini ya shali, akaangalia sakafu, sinia ikampita ikaenda kwa mwenzake. Nilipata moto kichwani. Nikasema huyu mzee ana maneno na nyumba yangu, tutaonana huko nje.

Njiani, kwenye matope, nikamuuliza huyo mtu ana nini na yeye.

Akasema, "Hana kitu. Ananipita hivyo tangu tupate mtoto wa kwanza."

"Kwa nini?"

Akasimama. Aliniita boiyot, mzee, vile ananiita akiwa hana hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. "Boiyot, wewe na mimi hatujafunga ndoa ya kanisa. Asiyefunga ndoa hapewi kikombe. Na mimi siwezi kufunga ndoa na mgeni."

Akaendelea kutembea.

Ndugu zangu, nilikasirika na kila mtu. Ng'ombe nilipeleka kwa baba yake, wazee walikaa, mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, ikanywewa, nchi nzima inajua huyu ni mke wangu. Nilikuja kwa wazee wa kanisa nikawaambia hayo yote, nikiwa nimesimama. Wakanisikiliza, wakanipa chai, halafu wakasema sheria ni ile ile: mzee abatizwe kwanza, halafu ndoa. Hata leo hiyo sheria hainipendezi, na mwenyekiti wa wazee amekaa hapo anajua, tumebishana mpaka tumechoka.

Nikaingia darasa la ubatizo, la kila Jumamosi. Mwalimu alikuwa mama mmoja mjane, aliyekuwa mpishi wa shule ya msingi, ana sauti ya kuita watoto mia mbili kwa uji. Mimi na mvi zangu nimekaa kwa benchi fupi, magoti karibu na masikio, pamoja na wajukuu wa wenzangu. Lakini maswali yote nilijibu. Miaka kumi na nne si mchezo, nimesikia mahubiri kuliko yeye. Nikangoja aseme nimepita.

Akaniambia, "Mzee, umekuja kutafuta nini?"

Nikasema nataka mama apewe kikombe.

"Hiyo ni haja ya mama. Yako ni gani?"

Nikaona huyu ananionea mbele ya watoto. Nikamtolea lile swali langu la kumaliza watu: yule mwizi pale msalabani, alibatizwa lini?

Hata hakufikiri. Alikuwa anapanga vitabu. Akasema, "Yule hakuuliza swali, mzee. Aliomba akumbukwe."

Watoto hawakucheka, ingekuwa afadhali wacheke. Nikachukua kofia nikaenda. Jumamosi tatu sikurudi. Nyumbani nikawa mtu mbaya, chai ikiwa moto nalalamika, ikipoa nalalamika.  Siku ya Meza ya Bwana ikafika tena, mke wangu akafunga kitambaa chake akaja hapa, na nilijua vizuri anakuja kupitwa.

Wiki hiyo mvua ya mawe ilikuwa imepiga shamba letu. Mnajua majani ya chai yakipigwa na mawe, yanatoboka, yanakuwa meusi, kwa kituo cha kuuzia chai hayapokewi. Yeye akiwa hapa kanisani, mimi nikaenda kuchuna yaliyobaki, nina kikapu mgongoni, ukungu umefunika kila kitu, na hasira yote ikatoka. Nilimgombeza Mungu. Sikuomba, niligombana. Nilimwambia amechukua majani yangu, wazee wake wanamnyima mke wangu, wachungaji wake hawajui kujibu, na sasa mpishi wa uji ananifukuza. Nikaongea mpaka maneno yakaisha.

Yalipoisha, nilisikia nimebaki na mtu. Siwezi kueleza vizuri kuliko hapo. Na nikaona kwamba miaka hiyo yote nimemuulizia Yesu kwa watu, kanisa hili na lile, kama mtu anayeulizia jirani ambaye hajawahi kubisha mlango wake. Yeye mwenyewe sijawahi kumwambia neno. Nikasema, "Bwana, sikujui. Nimezeeka na sikujui. Na mimi nikumbuke."

Nikapiga magoti katikati ya majani nikalia. Mke wangu aliporudi kutoka hapa akanikuta huko shambani, akaita kutoka njiani kama nimeingia kwa siafu. Nikamwambia hapana. Akaniangalia sana, akachukua kikapu akaanza kuchuna. Tukachuna mpaka jioni.

Jumamosi nilirudi kwa mjane. Aliniuliza swali moja tu, lile lile, na safari hii sikumtaja mama. Nikabatizwa mtoni, maji ya huku mnayajua, meno yaligongana mpaka mchungaji akanyamaza kuningoja. Halafu ndoa. Wajukuu walicheka bibi kuvaa nguo nyeupe. Siku hiyo hiyo sinia ilipofika kwake, nusu ya kikombe ikamwagikia ile nguo, akanywa iliyobaki. Nikamnong'oneza, umefurahi sasa? Akaniambia ninyamaze, watu wanaomba.

Msifikiri mambo yamekuwa laini. Mshiriki anagombezwa. Nimewekwa kwa kamati ya vyoo, na mnakijua choo cha wanaume. Maswali bado ninayo, yule nyoka bado ananisumbua. Kinachoniuma ni ile miaka. Nimeomba msamaha kwa Mungu na kwa mama, wote wawili wamenisamehe, lakini miaka yenyewe hakuna anayemrudishia mama.

Nashukuru yule mjane ambaye hakunipitisha. Angenipitisha siku ile, ningebatizwa nikiwa mgeni bado. Nashukuru wazee mlionivumilia nikipiga kelele. Mke wangu nitamshukuru nyumbani, hapa ataona haya.

Na nyinyi wanaume mlioko nje kwa pikipiki, najua mnasikia, spika imeelekezwa huko. Kusikia habari za Yesu ni kuzuri, mimi nilizisikia nikashiba, na sikuwa wake. Mwambieni yeye mwenyewe. Halafu mkifika nyumbani leo, kabla ya chai, kila mtu amuulize mama wa nyumba yake ni kitu gani amekosa kwa sababu yake. Muulize ukiwa umekaa chini, kwa sababu atakujibu.