Mama Koma na Ndege Wanane

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Taarifa Rasmi za Bunge, mhariri wetu mkuu anastaafu. Kazini tunamwita Mama Koma. Waheshimiwa wameongea Kiswahili kibovu ukumbini miaka yote hiyo, lakini hakijawahi kufika mtaani kikiwa bado kibovu. Alikisafisha njiani.

Alianza kama karani mpiga chapa, akapanda ngazi hadi meza ya dirishani, ambayo sisi wengine tuliiendea kama tunaokwenda kung'olewa jino. Ukijitetea kwamba siku hizi watu wanaongea hivyo, alikujibu kwamba siku hizi watu wanavuka barabara bila kutazama pia.

Kilichompa umaarufu ni ule mjadala wa ndege za kivita. Waziri wa Ulinzi alitaka nane, mpya, zenye kishindo. Wabunge wa kandokando ya mto walitaka helikopta za uokoaji, kwa kuwa adui aliyewavamia kila mwaka alikuwa maji. Wakabishana hadi mishipa ya shingo ikawatoka. Waziri akapandwa na jazba, sarufi ikamponyoka, akaomba fedha za "ndege wanane walio tayari kuruka". Na Mama Koma, asiyewahi kusamehe hata nukta, siku hiyo hakusahihisha kitu.

Basi ombi likasomwa kama lilivyoandikwa: ndege wanane, viumbe hai. Likatua Kamati ya Kilimo, ambako waheshimiwa, bila mzaha hata chembe, waliuliza wanakula nini na kama hawatashambulia mtama. Barua zikaenda, zikarudi. Majuma yakapita, watu wakapoa, wakapata nafasi ya kuulizana nchi inalindwa dhidi ya nani hasa. Kura ilipopigwa, helikopta mbili zilishinda. Za kivita zikaambiwa zisubiri.

Waziri alifura. Mama Koma akaitwa kamati ya nidhamu, watoto wake wawili wakiwa bado shuleni na kibarua kikitaka kuota nyasi. Akaulizwa kwa nini aliacha kosa la wazi namna ile.

"Mheshimiwa alisema ndege wanane," akajibu kwa upole. "Mimi ni nani nimwekee maneno mdomoni?"

Alitoka na onyo la maandishi, ambalo alilisahihisha kwa wino mwekundu kabla ya kulitia sahihi.

Je, alikusudia? Tumemuuliza hadi tumechoka. Hucheka tu, akaagiza chai.

Masika yaliyofuata mto ulivunja kingo, na helikopta zikaopoa watu juu ya mapaa. Mmoja wao ni mama mkwe wangu, aliyenyanyuliwa akiwa ameikumbatia redio yake. Tangu siku hiyo anaishi kwangu, mzima wa afya, na hakuna ninachofanya katika nyumba yangu mwenyewe kikampendeza.

Nenda kapumzike, Mama Koma. Uishi miaka mingi, na wajukuu wakuchoshe kwa raha. Makosa yaliyobaki tutayakosea wenyewe. Mimi nakushukuru kuliko wote humu ndani, maana mke wangu bado ana mtu wa kumwita mama.