Utumbo Uliohamishwa Kazi

Basi la Bariadi lilikuwa halijaondoka vizuri Lamadi, na tayari mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa anamweleza mama muuza dagaa, ambaye hakumuuliza, kwamba madaktari wamemtoa kibofu chenye saratani na kumshonea kingine kwa kipande cha utumbo wake mwenyewe.

"Na tumbo linasemaje?" mama aliuliza, akivuta kapu lake pembeni.

"Linaharisha. Utumbo umepungua, chakula hakikai. Maziwa nimekatazwa kwa sasa."

"Msukuma akatazwe maziwa! Huyo daktari kwao wanafuga nini?" Akamsogezea kibuyu cha mtindi.

Mzee akakisukuma. "Mama, nimefanya kazi kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, miaka ishirini. Walipokuja hawa wanunuzi binafsi, nusu yetu tukapunguzwa. Waliobaki wakakimbizwa mpaka pamba ikawa inatoka na mbegu zake. Basi, tumbo langu ndivyo lilivyo."

Mimi pia nilikuwa katika ile nusu iliyopunguzwa.

"Maneno ya hospitali hayo, baba. Mtindi haujawahi kumdhuru mtu. Tazama!" Mama akaunywa wote, akakigeuza kibuyu juu chini tushuhudie.

Hatukufika mbali. Mzee akainuka, mkono kwenye mshono. "Kondakta, simamisha!"

Basi likasimama. Mzee akateremka taratibu, ngazi kwa ngazi, maana mbele yake mlango ulikuwa wazi kabisa: mama mwenye utumbo kamili alishapita, na sasa alikuwa anatimua mbio kuelekea vichakani.