Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuwafunza Wakweli Kuomba Viza

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi Hiltje Boonstra wa Ofisi ya Safari za Wanafunzi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 26 Juni. Uongozi wa chuo umeandaa hafla ya kumuaga, yenye kahawa na kipande kimoja cha keki kwa kila mtu. Nimesisitiza kimoja kwa sababu uongozi nao ulisisitiza kimoja.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa meza yangu inatazamana na yake tangu nilipohamia idara hii, na kwa kuwa wenzangu wengine walipoombwa walikumbuka ghafla kwamba wako likizo. Niliambiwa niandike mazuri tu. Sisi watu wa Friesland, huku kaskazini mwa Uholanzi, kitu kikitupendeza mno, tunasema kingeweza kuwa kibaya zaidi, halafu tunaona aibu kwa kupayuka. Kwa hiyo msomaji asitarajie mashada ya maua.

Hiltje aliajiriwa kupiga chapa ratiba za masomo. Muda si mrefu, mkuu wa chuo wa wakati huo akagundua kwamba wanafunzi wetu wanaotaka kwenda kujifunza ng'ambo wananyimwa viza mmoja baada ya mwingine. Akamkabidhi Hiltje jambo hilo kwa hoja nzito ya kitaalamu: meza yake ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Mtaalamu wetu huyo wa safari za nje mwenyewe alikuwa amefika mbali kabisa, mpaka kisiwa cha Terschelling, hapohapo mkoani kwetu, kwa feri, akatapika wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Mpaka leo hana pasipoti. Ukimuuliza, atakwambia kwamba daktari wa meno hajing'oi.

Alichogundua mapema ni kwamba tatizo la wanafunzi wetu halikuwa fedha wala vyeti. Tatizo lao lilikuwa ukweli. Mtoto wa huku hulelewa akiamini kwamba akiulizwa jambo atajibu lote, na akiona kosa la mtu atamsaidia kwa kumwonyesha papo hapo. Ni tabia nzuri sana mezani kwa bibi. Ila mpeleke kijana huyo mbele ya dirisha la viza, mara ya kwanza maishani, ana pasipoti ambayo haijawahi hata kukunjwa, na mdomo ambao haujawahi kufungwa, uone.

Binti mmoja aliulizwa kama amewahi kukataliwa kuingia mahali popote. Akaeleza kwa kirefu kisa cha bwawa la kuogelea la mji wa Sneek, na jina la mlinzi akalitaja. Mwingine aliulizwa kama ana mpango wa kuipindua serikali. Naye akauliza ni serikali ipi, ya huko au ya hapa, asije akajibu vibaya. Wa tatu, ambaye leo ni mhandisi mwenye heshima zake, alimwarifu ofisa kwamba foleni yao imepangwa ovyo, akamchorea mpangilio bora nyuma ya fomu ya maombi. Viza yake ilichelewa sana, na foleni haikubadilika.

Ndipo Hiltje alipoanzisha mazoezi. Kila Jumatano aliketi jikoni kwa wafanyakazi, nyuma ya lile dirisha dogo la kupitishia vyombo, amevaa tai ya marehemu mumewe na miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Mwanafunzi alisimama upande wa pili na karatasi zake. Sisi wengine tulikosa chai siku hiyo, lakini tulipata burudani.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kusoma. Na pia nataka kuachana na mchumba wangu taratibu, bila ugomvi."

"Nimekuuliza habari za mchumba?"

"Hapana, Bi Hiltje."

"Sasa mbona umekuja naye dirishani? Toka nje, uingie upya."

Walitoka na kuingia hata mara kumi. Somo lake lilikuwa moja: jibu ulichoulizwa, kisha nyamaza, kwa sababu mdomo huponza kichwa. Hakumfundisha mtu yeyote uongo, na aliyethubutu kumwomba amfundishe alifukuzwa jikoni. Vijana walisema ukishapita kwa Bi Hiltje, ubalozi ni mapumziko. Wakaanza kupata viza, wakaenda, wakarudi. Uongozi ulitambua mafanikio hayo kwa kumzawadia kikombe chenye nembo ya chuo, kama kile anachopewa kila mgeni anayepotea njia akaingia mapokezi.

Mwaka jana akaja Jelmer Tolsma. Ni kijana wa mifugo, mrefu, mpole, mwenye masikio yanayogeuka mekundu akiitwa jina. Alikuwa amepata nafasi ya mwaka mmoja kwenda kujifunza utunzaji wa kwato za ng'ombe katika nchi moja kubwa ng'ambo ya bahari, ambayo kwa kuheshimu ukarimu wake sitaitaja. Nafasi ilikuwa moja. Kama asingefika kufikia katikati ya Agosti angepewa mwingine, na Jelmer hakuwa ametaka kitu kingine tangu akiwa mtoto wa kushika mkia wa ndama. Kwenye mazoezi alifanya vizuri mno. Jibu lake la swali kubwa, kitu gani kitakurudisha nyumbani, lilikuwa maneno matatu: shamba la baba.

Bahati mbaya, kati ya mazoezi na siku ya mahojiano, baba yake, Douwe, aliamua kuacha ufugaji. Deni la uchovu, alisema, halilipiki. Lori likaja likawachukua ng'ombe wote. Mwezi Juni Jelmer akapanda treni mpaka Amsterdam, akasimama dirishani, akaulizwa swali lilelile. Akafikiri kwa uaminifu, kama alivyolelewa, akajibu: "Hakuna." Alirudi mchana uleule na karatasi ya kukataliwa.

Siku hiyo nilisikia yote, kwa sababu Hiltje alisahau kufunga mlango.

"Hakuna? Umesimama mbele ya mtu mwenye muhuri ukamwambia hakuna?"

"Ng'ombe hawapo tena, Bi Hiltje. Ningesema shamba, ningekuwa nadanganya."

"Na zizi, nalo limeondoka na lori?"

"Zizi lipo. Ni tupu."

"Basi ungesema zizi."

"Nirudi kwa ajili ya zizi tupu? Hata mimi nisingejipa viza."

Kesho yake Hiltje alipanda baiskeli akaenda shambani kwa akina Tolsma, upepo ukimpiga usoni njia nzima, ili akatafute hati ya ardhi au chochote kile chenye muhuri. Douwe alimkaribisha kwa namna ya huku: kahawa, biskuti moja, kisha kifuniko cha kopo la biskuti kikarudi mahali pake.

"Kijana aende tu," Douwe akasema. "Na akae hukohuko. Hapa pana nini?"

"Akisema hivyo hapewi viza."

"Basi asiseme."

"Mwanao huyu? Asiseme?"

Douwe akamtazama mwanawe. "Kweli," akasema.

Ilipofika saa ya kukamua, Douwe alisimama bila kuaga akatoka, na Jelmer akamfuata. Hiltje alidhani amewaudhi, naye akatoka nyuma yao ili aombe radhi. Akawakuta zizini. Walikuwa wamewasha taa zote, wakafungua ile redio iliyokuwa ikiwapigia ng'ombe muziki, wakaketi juu ya ndoo zilizofudikizwa, kila mmoja ndoo yake, wakitazama mahali palipokuwa na ng'ombe. Walikuwa wakifanya hivyo kila jioni tangu lori liondoke, muda uleule waliozoea kukamua, kisha wanazima taa na kwenda kula. Hakuna aliyewahi kupanga jambo hilo wala kulizungumza. Douwe alimwona Hiltje mlangoni, akamsogezea ndoo ya tatu kwa mguu.

Hiltje alinisimulia hayo asubuhi yake huku akipenga kamasi, akadai ni ule upepo wa njiani. Sikubishana naye, kwa sababu na mimi ghafla nilipatwa na upepo.

Hiltje alipokuwa akiondoka shambani jioni ile, Jelmer alimsindikiza mpaka barabarani.

"Nikimtaja Baba pale dirishani, itakuwa nimemtumia," Jelmer akasema.

"Utarudi kwa ajili yake au hutarudi?"

"Nitarudi. Nalala nikiwaza atakavyokaa pale peke yake."

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi sema. Sentensi moja, Jelmer. Moja."

Miadi ya pili ilipatikana mwishoni mwa Julai. Hiltje aliamua kumsindikiza mpaka Amsterdam, na kwa kuwa uongozi haukuona fungu la kugharamia huruma, alitumia siku ya likizo yake. Aliketi kwenye benchi upande wa pili wa barabara, ameweka kopo la mikate ya jibini mapajani. Jelmer aliingia. Waombaji waliomfuata waliingia wakatoka, na yeye bado. Alipotokea, masikio yake yalikuwa yanawaka.

"Sentensi moja ndiyo imekula muda wote huo?"

"Nilianza na moja, Bi Hiltje. Ikavuta nyingine."

Alikuwa amemweleza ofisa kila kitu: lori, taa, ndoo, redio, mpaka jina la ng'ombe aliyekuwa akipenda muziki wa dansi. Ofisa aliweka kalamu chini akasikiliza. Jelmer alipomaliza, ofisa akamuuliza swali ambalo halimo kwenye mazoezi yetu: na huo mwaka mzima ukiwa kwetu, nani atakaa na baba yako?

"Ukamjibu nini?" Hiltje akauliza.

"Nikamwambia wewe."

"Mimi yupi?"

"Bi Hiltje wa chuoni. Nikamwambia utakuwa unakwenda jioni."

"Nani alikwambia nitakwenda?"

"Hakuna. Lakini si utakwenda?"

Viza ilikuwa imekubaliwa. Hiltje alitafuna mkate wake mpaka treni ilipopita kituo cha Zwolle, na Jelmer hakuthubutu kuomba hata kipande. Kisha Hiltje akasema kwamba tangu aingie ofisi ile hakuna neno la uongo lililotoka chuoni likafika dirishani, na hatakubali lianzie kwa mtoto wa Douwe Tolsma.

Basi tangu Agosti anakwenda. Kila jioni, kazi ikiisha, anavaa koti la mvua, anapanda baiskeli. Amekwenda kwenye mvua, na ameanguka kwenye barafu, akaamka akaendelea akichechemea. Kwenye taarifa zake za kazi aliandika "ufuatiliaji", na uongozi ukampongeza kwa ubunifu, ukimkumbusha kwamba baiskeli hailipiwi posho ya mafuta. Kuna siku ya Februari, theluji ikigonga dirisha, nilimwambia: dada yangu, viza ilishatoka, na ubalozi hautamtuma mtu kuja kukagua zizi. Akanikata jicho.

"Najua hawatakuja," akasema, akafunga zipu mpaka kidevuni.

Sikumsumbua tena. Mimi ni mtu wa kejeli, na naijua kazi yangu, lakini kuna watu ukiwacheka unajisikia mdogo.

Wiki iliyopita Jelmer alituma habari kwamba amemaliza mafunzo vizuri na anarudi viza yake itakapokwisha. Ofisa wa Amsterdam, kama anasoma jarida letu, jambo ambalo nina mashaka nalo, ajue kwamba hakudanganywa. Habari zilimkuta Douwe zizini, redio ikiwa inaimba. Akazisoma, akakunja miwani, akakaa. Ni mtu ambaye katika maisha yake ameuliza maswali machache, na mengi yalihusu majani ya ng'ombe. Akatazama ukutani.

"Kijana akirudi," akasema, "wewe jioni utakuwa wapi?"

"Hapa," Hiltje akajibu.

Haya alinieleza Jumanne akiondoa vitu vyake kwenye droo, akageuka mwekundu mpaka shingoni, akanikataza nisiyaandike. Nimeyaandika. Anastaafu, atanifanya nini?

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya vijana wote walioiona dunia kwa sababu uliwatoa nje ya mlango wa jiko mara kumi, tunakushukuru, Hiltje. Tunakutakia siku njema zote zilizobaki, na afya, na barabara isiyo na barafu. Wageni waalikwa wanaombwa wazingatie kwamba hotuba ya mkuu wa chuo imefupishwa na hafla itafungwa saa kumi na moja kasorobo jioni bila nyongeza, kwa kuwa mgeni wa heshima anasubiriwa mahali.